Mali Bila Daftari: Historia ya Mikoko Yetu na Hesabu Zake



Kamati ya sherehe iliponiambia niandike historia, nilidhani nitaandika habari za sanduku letu: lilinunuliwa lini, nani alishika ufunguo wa kwanza, nani alikopa akalipa, na nani tulimfuata mpaka kwao. Kumbe hayo yote mweka hazina ameshayaandika kurasa za mbele, na ameyaandika vizuri. Mimi nikaambiwa, "Wewe dada, andika ya mikoko." Haya, naandika ya mikoko. Lakini nitaanza na sanduku hilohilo, kwa sababu kwetu sisi mambo haya mawili yamekuwa kitu kimoja.

Mwaka 2015 tulipoanza kikundi, somo la kwanza tulilofundishwa halikuwa la kukopa. Lilikuwa la kuandika. Kila hisa iandikwe, kila faini iandikwe, na kabla ya kufunga kikao pesa zihesabiwe mbele ya watu wote. Baadhi yetu tuliona ni usumbufu. Watu tunajuana toka utotoni, ya nini kuandikiana kama mahakamani? Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka wa kwanza tu tukaona ukweli wake.

Sasa tazameni historia ya mikoko ya pwani yetu. Ni historia ya mali kubwa iliyotumiwa kwa mamia ya miaka, na sisi wenyewe hatuna daftari. Wenye madaftari walikuwa wafanyabiashara na serikali, nao waliandika kilichotoka: korija ngapi, mizigo mingapi, ushuru kiasi gani. Kilichobaki hapa kwetu ufuoni, sijasikia aliyekuwa akikihesabu. Hilo ndilo ninalotaka tulielewe katika kurasa hizi chache.

MITI YENYEWE

Vijana wetu wengi wakiona mikoko wanaona miti tu, tena yenye matope na mbu. Bibi yangu alikuwa akiitaja mmoja mmoja kama anayetaja wajukuu. Kenya ina aina 9 za miti hii, na kila mmoja una mahali pake kufuatana na maji ya bahari yanavyofika.

Mbele kabisa, pale maji yanapokuwa hayaondoki kwa muda mrefu, anasimama mlilana. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayoshuka kama miguu ya buibui. Halafu msinzi, halafu mkandaa. Mchu ni mvumilivu, utamkuta hata kule nyuma kabisa ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Wako pia mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Na nyuma ya miti yote ni jangwa, ule uwanja mweupe wa chumvi ambao jua hukausha maji mpaka hakioti kitu ila majani manene ya chumvi pembezoni. Watoto huchezea mpira hapo. Lakini jangwa nalo ni sehemu ya nyumba hiyohiyo. Bahari ikipanda zaidi, mchu utataka kurudi nyuma, na pa kurudi ni hapo. Tukipajenga nyumba, tumewafungia miti mlango wa uani.

Kina mama wa pwani tumeishi humo. Wanaume walikwenda kukata boriti na kuvua, sisi tuliokota kuni, chaza, kombe na kaa, tukatanda uduvi kwa leso kuukuu. Kamba na samaki wengi wadogo hulelewa katikati ya mizizi ile kabla ya kutoka bahari kuu. Kwa hivyo hata anayekula samaki mbali na hapa anakula mali ya mikoko asijue.

BORITI ZILIZOVUKA BAHARI

Biashara ya miti hii ni ya kale sana. Katika karne ya 10 mwandishi al-Istakhri alieleza kwamba nyumba za mji wa Siraf, kule Ghuba ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na miti iliyotoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Hebu fikiria: zaidi ya miaka 1,000 iliyopita watu wa nchi kavu isiyo na miti walikuwa wakilala chini ya dari ya miti iliyotoka huku.

Biashara hiyo iliendelea mpaka karne ya 20. Majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti, hasa kutoka visiwa vya Lamu. Miti iliuzwa kwa korija, na korija moja ni miti 20. Kila unene ulikuwa na jina lake: fito ni nyembamba, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Ukienda Lamu leo ukaingia nyumba ya mawe ya zamani, utaona chumba ni kirefu lakini ni chembamba. Sababu ni kwamba boriti ndiyo iliyobeba dari, na upana wa chumba haukuweza kupita urefu wa boriti. Hata magome hayakutupwa. Yalitiwa rangi nyavu na kamba, na mwanzoni mwa karne ya 20 yaliuzwa ng'ambo kwa kutengenezea ngozi.

Sisemi wazee wetu walikosea. Walijenga, walilisha watoto, na msitu ulikuwa mkubwa kuliko watu. Nasema tu kwamba tulizoea kutoa bila kuhesabu.

SERIKALI YAJA NA KARATASI

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza kwamba mikoko yote ya pwani ya Kenya ni msitu wa serikali. Baada ya uhuru, mwaka 1964, tangazo hilo likawekwa tena katika sheria. Kwa karatasi, msitu ukalindwa. Lakini kwa mtu wa kijijini maana yake ilikuwa nyingine: jana msitu ni wetu, leo ni wa serikali, na ya serikali, si mnajua tena, huwa haina mwenyewe.

Mwaka 1982 serikali ikapiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje. Mwaka 1997 ikaja marufuku nyingine, safari hii hata kuuza boriti za mikoko humu nchini. Mwaka 2018 serikali ikasimamisha ukataji katika misitu yake yote, na mikoko ikiwemo. Kila mara nia ilikuwa njema. Lakini kila mara amri ilitoka mbali, na wakataji wa Lamu, ambako ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, walibaki na mashoka na watoto wa kulisha. Mwenye njaa huwezi kumwambia "acha" ukamwacha hapohapo. Wapo walioacha, na wapo waliokata usiku. Na kinachokatwa usiku hakiandikwi popote.

Huku kwetu Kwale hasara kubwa ilitoka upande mwingine. Miaka ya 1970 ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa, ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za matanuri ya chokaa na matofali, mbali na boriti za kujengea. Sehemu nyingine miti haikurudi yenyewe hata baada ya miaka mingi. Mkoko ukishaondolewa wote, jua hupiga tope, chumvi hupanda, na mbegu zinazoletwa na maji hazipati pa kushika.

Halafu zikaja mvua za El Niño, 1997 na 1998. Kule Mwache, karibu na Mombasa, tope lililoshuka kutoka mashambani liliifunika mizizi inayopumulia, na mikoko mingi ikafa wima. Hakukatwa mti hapo. Ndipo wengi walipoelewa kwamba kulinda mikoko si kufukuza wenye mashoka peke yao. Ni kuangalia, kila mara, nini kinatokea.

GAZI WALIANZA KUPANDA

Mwaka 1991 wataalamu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, walianza kupanda mikoko Gazi pamoja na wanakijiji. Kilichotofautisha kazi ile na kampeni za kupanda mti na kupiga picha ni kwamba walirudi. Walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata, wakapima. Waliandika ipi imepona, ipi imekufa, imekua kiasi gani, kaa wamerudi au bado.

Madaftari hayo ndiyo yaliyozaa matunda baadaye. Mwaka 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vilianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa. Wengi hili huwachanganya, wacha nilieleze kwa lugha ya jikoni. Moshi wa magari na viwanda una hewa ukaa, na hewa hiyo ndiyo inayoichemsha dunia. Mti unapokua huivuta na kuiweka mwilini. Mikoko huzidi hapo, huiweka pia chini kwenye tope, na sehemu kubwa ya akiba yake imo udongoni. Ni kama mama anayeweka kidogo mkobani na kingi sandukuni. Watu wa nje hulipa ili akiba ile isivunjwe. Kwa hekta zile za Gazi hesabu ni takriban tani 3,000 kwa mwaka, na pesa zake zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani, nao wakafuata kwa msitu wa zaidi ya hekta 400.

Lakini shikeni neno hili: hakuna mnunuzi anayelipa kwa kuambiwa "miti yetu ni mingi." Anauliza, mingapi? Minene kiasi gani? Mwaka jana ilikuwa mingapi? Asiye na daftari hana cha kuuza.

KOSA LETU WENYEWE

Sasa nije nyumbani. Nisingependa kitabu cha sherehe kiwe cha kujisifu tu, kwa hivyo nitasema na yaliyotushinda.

Sisi tuliposikia ya Gazi tuliwaka moto. Mwaka wa pili wa kikundi tukachukua pesa kutoka mfuko wa jamii, tukaokota mbegu za mkoko, tukaenda kupanda mbele kabisa, pale peupe penye tope laini ambapo hapana mti. Tuliona ndipo panapohitaji. Tuliimba, tulipika, mgeni rasmi alikuja na picha zikapigwa. Na hatukurudi. Kila mtu alikuwa na shughuli zake.

Tuliporudi, kusi ilikuwa imeshapita. Nyingi zilikuwa zimekwenda na maji. Zilizobaki zilikuwa zimegandwa na vile vikome vigumu vinavyoshika kwenye mbavu za ngalawa, mpaka mche umeinama kwa uzito. Mzee mmoja mvuvi alitutazama akacheka, akasema, "Nyinyi mmempanda mkoko mahali pa mlilana. Hapa hapajapata kuota mkoko toka nizaliwe. Kwa nini hamkuuliza?"

Iliniuma mno, kwa sababu bibi yangu angeliniambia hilo akiwa amelala. Na iliwauma wenzangu kwa sababu ya pesa. Kikao kilichofuata kilikuwa kikali. Mama mmoja alisimama akasema mkopo wa mtoto wake wa shule ulikataliwa kwa kuwa mfuko umepungua, na mfuko umepungua kwa kuwa tumeulisha bahari. Alikuwa na haki. Hatukuwa na la kumjibu, maana hata ukituuliza tulipanda ngapi na zimebaki ngapi, hatukujua.

Siku ile ndipo tulipoamua: kama senti ya kikundi inaandikwa, na mche uandikwe.

TUNAVYOHESABU SASA

Nitaeleza kwa ufupi ili mabinti watakaotupokea wajue.

Kwanza, tunachagua mbegu. Ya mkoko iliyokomaa ina shingo ya manjano pale inapoungana na tunda, isiyo na shingo hiyo huachwa mtini. Inachomekwa moja kwa moja kwenye tope kiasi cha theluthi yake, kwa nafasi ya mita 1 hadi nyingine. Ya mchu na mlilana ni ndogo, hulelewa kwanza kitaluni. Na kila mmoja unapandwa kwao, si tunapopaona sisi pazuri kwa picha.

Pili, tuna viwanja vya kudumu. Kila kiwanja ni mita 10 kwa 10, kimewekewa vigingi na kamba. Tunakwenda maji yakiwa yamekupwa, asubuhi ya bamvua. Mmoja anapima, mmoja anataja, mmoja anaandika. Mti mkubwa unapimwa unene wake kwa utepe kwa urefu wa mita 1.3 kutoka chini, kama kifuani. Mkoko wenye mizizi mirefu unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, vinginevyo unapima miguu badala ya mwili.

Tatu, tunahesabu watoto. Walio chini ya sentimita 40 ni kundi la kwanza. Wa 40 hadi 150 ni la pili. Wa 150 hadi 300 ni la tatu. Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote. Ukiona wakubwa wengi na watoto hakuna, huo ni msitu wa wazee, hauna wa kuurithi. Ukiona watoto wachanga tele lakini kundi la pili tupu, jua kuna kitu kinawala katikati, pengine kaa, pengine mbuzi, pengine miguu yetu wenyewe.

Nne, tunahesabu visiki, vipya na vya zamani. Na tunaandika tunachokiona: matundu ya kaa, mlilana uliokauka matawi ya juu kwa wadudu watoboao, taka za plastiki, tope lililoongezeka baada ya mvua.

Si kazi ya shahada. Mama asiyejua kusoma anajua mkandaa na msinzi kwa kugusa gome, na binti wa darasa la nane anajua kuandika. Wakienda pamoja kazi inakamilika.

KISIKI KIPYA

Nimalize kwa jambo moja ambalo wengine walitaka nisiliandike.

Mwaka mmoja, katika kuhesabu, tulikuta visiki vipya ndani ya kiwanja chetu. Boriti zilikuwa zimekwenda kwenye nyumba ya mwenzetu, mwanachama wa toka siku ya kwanza. Ukuta wake ulikuwa umeanguka kwa masika, naye ana wajukuu. Kukata bila kibali cha KFS, yaani idara ya misitu, ni kosa la sheria, hilo tulijua sote. Wengine wakasema atolewe kikundini. Wengine wakasema tunyamaze, si mwenzetu?

Tulikaa kutoka adhuhuri mpaka magharibi. Mwisho mwenyewe alisema, "Nimekosa. Lakini niulizeni kwa nini sikuja kukopa. Nilikuwa nimeshakopa, na utaratibu wetu hauruhusu mkopo wa pili. Boriti haikunidai riba."

Jamani, maneno yale yalitunyamazisha. Alilipa faini. Lakini na sisi tulibadilisha utaratibu wetu, tukaweka fungu la dharura ya nyumba ambalo mtu hupata hata akiwa na deni. Toka hapo viwanja vyetu hatujaviona na kisiki kipya. Marufuku ya 1982, ya 1997 na ya 2018 hazikumuuliza mkataji kwa nini anakata. Daftari letu lilituonyesha kisiki, na kisiki kikatufanya tuulize.

Miaka 10 ya sanduku imepita. Mikoko tuliyopanda mahali pake baada ya lile kosa, mingine sasa inanipita kimo, na chini yake nimeona kaa kwa macho yangu. Si msitu wa kujivunia mbele ya Gazi, bado. Lakini mtu akituuliza tuna nini, tutafungua daftari tumwonyeshe.

Daftari la kwanza limejaa, la pili limefika katikati. La tatu, inshallah, halitaandikwa kwa mkono wangu. Mabinti, bamvua ijayo njooni na viatu vya matope. Vigingi vya kiwanja cha tatu vimeanza kuoza, na vinahitaji kubadilishwa kabla ya masika.